Mjomba Faili na Lugha Iliyotua Mzigo

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa: ndio muda ambao Mjomba Faili amekaa katika idara yetu ya afya, na Ijumaa hii, tarehe 28, anastaafu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa dawati langu limepakana na lake kwa miaka kumi na miwili. Walioniomba wanajua vizuri mimi niliharibu nini, na bado wakaniomba. Basi mnivumilie.

Alianza kama karani wa masjala, mtu wa kubeba majalada. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi, yeye akakifunua. Alijifundisha mwenyewe lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandao, na akaipendea jambo moja tu: ilikuja na hifadhidata yake, yaani ghala la kumbukumbu, humo humo ndani. Hakuna seva ya kutunza, hakuna kitu cha pili cha kusakinisha. Kumbukumbu zote zilikaa kwenye faili moja, na jina lake la utani likapatikana hapo.

Kwa lugha hiyo aliandika daftari la chanjo za watoto kwa zahanati tisa ambazo mtandao huzifikia ukijisikia. Lugha, programu na faili la watoto aliviweka katika folda moja, ili kuhamisha zahanati nzima iwe ni kunakili folda hiyo basi. Flashi yenye folda hiyo, faili la watoto likiwa bado tupu, aliitia kwenye kasha la miwani. Miwani yenyewe ilibaki juu ya friji nyumbani, shemeji yetu, mkewe, akilalamika kila siku, na Mjomba alizindua zahanati ya nne mbele ya wakubwa huku pua imegusa kioo cha kompyuta. Tulicheka mpaka mkurugenzi akatukata jicho.

Kila zahanati ilipewa pia flashi ya akiba. Kila Ijumaa muuguzi aliichomeka, akabonyeza “Hifadhi”, nakala ya wiki iliyopita ikafutwa na mpya ikakaa mahali pake. Miaka kumi na tisa hakupotea mtoto hata mmoja.

Mwaka jana watengenezaji wa lugha ile walitangaza kwamba toleo jipya halitakuja tena na hifadhidata. Anayeitaka ataiweka mwenyewe. Mjomba aliomba kikao. Alitaka tutengeneze furushi letu wenyewe, hifadhidata ikiwa ndani kama zamani. Alisema sentensi moja akakaa: “Kisichokuwemo kwenye boksi, kwa dada muuguzi hakipo.”

Aliyesimama kumpinga ni mimi, tena na picha ukutani. Nilisema lugha ya programu isibebe mzigo usiokuwa wake. Nilisema hifadhidata iliyofungiwa ndani huzeeka humo, na matundu yake ya usalama hungoja toleo zima lijalo ndipo yazibwe. Hoja zangu zilikuwa nzuri, na mpaka leo sijaona aliyezibomoa. Nilipigiwa makofi. Mjomba naye alipiga, kwa adabu.

Nikaandaa toleo jipya. Maelekezo niliyoyaandika yaliweka lugha mpya, yakaweka hifadhidata pembeni, kisha yakaifuta folda ya lugha ya zamani, kwa usafi. Kwenye mashine yangu kila kitu kilikwenda vizuri, maana mashine yangu haina mtoto hata mmoja. Sikujua kwamba katika zahanati zote tisa faili la watoto linakaa ndani ya folda ile ile niliyoifuta. Aliyejua alikuwa amekaa mita moja kutoka kwangu, anakunywa chai.

Hifadhidata ya namna ile ina tabia moja: isipolikuta faili, haipigi kelele, inaunda jingine tupu na kuendelea na kazi. Zahanati nane zilipiga simu siku ile ile ziliposasishwa, tukawarudishia watoto wao kutoka flashi za akiba. Ya tisa, ile ya kilimani, ilisasishwa Ijumaa mchana. Dada muuguzi wa pale ni mwangalifu kuliko sisi wote. Kabla ya kufunga alichomeka flashi, akabonyeza “Hifadhi”, na faili tupu likakaa juu ya watoto 4,112.

Mjomba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kwenye gari la kwenda kilimani aliniambia neno moja tu: “Hukuniuliza.”

Miezi saba ya mwisho ya utumishi wake ameimaliza huko, kwenye kiti cha mbao nyuma ya mlango, akinakili kadi za kliniki moja baada ya nyingine. Kuna kadi zilizofuliwa mfukoni, kuna zilizoliwa na mchwa. Kuna mama aliyekuja na mapacha na kadi moja, hajui ni ya yupi. Dada muuguzi siku hizi hushika sindano akamtazama mtoto, asijue amchome au amwache. Amerudisha watoto 1,306. Wamebaki 2,806, na sitawadanganya: wengi hawatarudi. Familia zimehama, mabibi waliotunza kadi wamefariki.

Alhamisi iliyopita Mjomba aliomba kikao cha mwisho, kwa ombi lile lile: furushi moja, kila kitu ndani. Hoja zilizotolewa dhidi yake zilikuwa zangu, neno kwa neno, na picha zangu zilikuwa ukutani. Safari hii mkono wangu niliunyoosha upande wake. Tulikuwa wawili dhidi ya kumi na mmoja. Alikunja karatasi yake, akaitia kwenye kasha la miwani.

Mjomba, idara inakushukuru kwa miaka thelathini na moja, nami nakushukuru kwa miezi saba ambayo haikuwa kazi yako kuifanya. Nenda nyumbani salama, uikute miwani juu ya friji, afya ikukalie vizuri wewe na shemeji, na asubuhi zako ziwe ndefu. Jumatatu nitakuwa kilimani, kwenye kiti chako nyuma ya mlango, nikimngoja mtoto wa 1,307. Simu yako usiizime. Kabla sijagusa chochote, nitakuuliza.