Mtoto Anamngoja Mmarekani

Kijiwe hiki cha mtaa wa Mawaleh, huku Uarabuni, hakina kibao wala mwenyekiti. Kina kochi lililotolewa sebuleni kwa Marhoon siku lilipoanza kutoboka, na kreti za plastiki zilizoachwa nyuma soko la matunda lilipohama. Vyote vimesogezwa kwenye kivuli cha ukuta, chini ya mashine ya baridi inayodondosha maji ndani ya ndoo. Baada ya sala ya alasiri hukaa hapo watu watatu. Marhoon, mwenye nyumba, mstaafu wa wizarani, wiki hii wamembandika jina la Merikani. Khalil, aliyekuwa karani wa mahakama, anaitwa Ushahidi, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni, ingawa mkononi hajaonekana nao hata siku moja. Wa tatu ni Wael, dereva wa teksi, anayeitwa Gugo, maana humuulizi kitu ila keshachomoa simu. Kahawa yao hutoka jikoni kwa Masouda, mke wa Marhoon. Siku hiyo Masouda alitoka na chupa ya kahawa, akasimama nayo mbele yao, asiitue.

Tangu mjukuu wake azaliwe, Masouda hakuwa amelala usingizi wa kushiba. Mkwewe Shahad, mke wa mwanawe Ayman, hana mama, kwa hiyo kumkanda mzazi, kumkosha mtoto, kupika uji na kupokea wageni vyote vilikuwa vyake. Alichotaka siku ile kilikuwa kimoja tu: jina. Kesho ni siku ya saba, watu wamealikwa akika, mbuzi analia nyuma ya nyumba, na mtoto bado anaitwa "mtoto". Kwa desturi ya nyumba ile jina hutolewa na babu. Na babu alikuwa ameapa hatoi jina mpaka kwanza ampate Mmarekani wake.

— Baba Ayman, kahawa hii hapa. Jina liko wapi?

— Linakuja, Mama Ayman. Mimina.

— Likija, ntamimina.

Khalil akaitazama chupa kwa huzuni.

— Shemegi, jina si nyanya ukapime kilo sokoni. Jina lataka ushahidi.

— Mnao?

— Tunao! — Marhoon akainua simu. Alikuwa na picha ya jalada la nyuma la msahafu wa nyumba yao ya Unguja, pale wazee walipokuwa wakiandika vizazi vyao. — Tizama mwenyewe. "Amezaliwa Said, mwana wa Yusuf bin Abdullah, Mmarekani." Kwa wino, yakhe! Babu wa babu yangu alikuja na meli ya Kimarekani kununua pembe na sandarusi. Akaiona Unguja, akasilimu, asirudi kwao.

— Kaiona Unguja au kamwona mtu? — akauliza Masouda.

— Mambo hayo hayamo kwenye msahafu.

Gugo akashusha pumzi.

— Mie simu yangu yataka kulazwa hospitali kwa ajili ya bwana huyu. Nimeingia kwenye orodha zao za mabaharia, nimeingia makanisani mwao, nimezunguka makaburini. Wana mji wa bandari wanauita Salem, huo nimeuchambua kama mchele. Yusuf kwao ni Joseph, na akina Joseph wamejaa. Lakini Joseph mwenye baba anayeitwa Abdullah, wallahi hayupo Marekani nzima.

Khalil akageuka polepole.

— Gugo. Ulikuwa unamtafuta Abdullah huko Marekani? Kwa miaka ile?

— Si ndivyo ilivyoandikwa? Yusuf bin Abdullah.

— Yakhe, kila anayesilimu hupewa bin Abdullah! Yule fundi bomba Mfilipino aliyesilimu Ramadhani iliyopita naye ni bin Abdullah. Nenda kwao Manila ukaulize mzee Abdullah, uone watakavyokutazama.

— Na wewe siku zote hizi ulikuwa wapi usiseme?

— Nlidhani unaangalia mpira.

Marhoon alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla.

— Na mie nshawaandikia barua watu wa makumbusho kule. Nimewaomba waniangalizie nyumba ya mzee Abdullah.

Hapo hata Masouda aliuma mdomo asicheke. Lakini chupa hakuiachia.

— Basi tumefika pazuri. Mzee hana baba, mtoto hana jina.

— Tunakaribia, shemegi, — akasema Khalil. — Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Si alikuja na meli?

— Mie nasema alikuwa nahodha, — akasema Marhoon.

— Nahodha gani anaacha meli yake bandarini kama kiatu msikitini? — akasema Gugo. — Huyo alikuwa balozi.

— Balozi angejulikana.

— Ndiyo maana akabadili jina! Mtu abadilishaye jina ana lake moyoni. Alikuwa mtoto wa rais wao, kakimbia siasa za kwao.

— Ushahidi upo! — Khalil akapiga goti. — Kile kitambaa cha merikani, kwa nini kikaitwa merikani?

— Kwa sababu kilitoka Marekani, — akasema Masouda.

— Ndivyo wanavyotwambia. Kimeitwa kwa jina la huyu huyu! Alifungua duka, watu wakaenda: nipimie ile ya Merikani. Likashika.

Marhoon akakaa wima.

— Yaani pwani nzima ilivaa jina la babu yangu?

— Walivaa, wakatandika, wakazikiwa nayo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi khalas! Mtoto aitwe Merikani. Merikani binti Ayman.

— Na jina la Kaniki ulitie akiba, — akasema Masouda, — akija wa pili tuwe na jozi.

— Au Amerika, — akasema Gugo, ambaye sasa alikuwa mbali. — Damu ya rais, jina la nchi. Akifika umri anagombea urais kule, anashinda, sote tunahamia ikulu.

— Na kahawa ya ikulu atapika nani?

Wote watatu wakaitazama chupa.

Ndipo alipotokea Truphena, Mkenya anayekaa ghorofa ya jirani. Mchana hufanya kazi hoteli moja ya Ruwi, jioni huoka keki, na ya akika alikuwa ameagizwa yeye.

— Wazee, hamjambo. Mama Ayman, keki iko sawa, krimu nimeshapaka. Imebaki kuandika tu. Niandike jina gani?

Wazee wakatazama ndoo.

— Andika "Hongera", — akasema Gugo.

— Hongera nani?

Marhoon akamkaribisha kreti, akamweleza habari yote kwa pumzi moja: msahafu, meli, Yusuf, duka la kitambaa, ikulu. Truphena alisikiliza kwa adabu, mikono magotini.

— Aki, ni hadithi tamu. Sasa huyo mzungu alioa hapo Zanzibar?

— Alioa! Sisi tumetoka wapi kama hakuoa?

— Na huyo nyanya yenu aliitwa nani?

Marhoon akaifungua tena ile picha ya msahafu. Akaipanua picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Alikuwapo Yusuf, alikuwapo Said, walikuwapo wana wa Said na wana wao, wote wamepangwa kwa mwandiko mzuri.

— Bibi, — akasema mwishowe. — Sisi tulikuwa tukisema Bibi.

— Bibi nani?

— Hapa pameandikwa tu: "Yusuf amemwacha Said na mama yake."

Gugo alichukua simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kuandika neno. Khalil akakohoa, akatafuta methali, safari hii akakosa hata ya makosa.

Masouda akaangua kicheko. Alicheka hadi ikambidi aegemee ukuta, machozi yakamtoka. Wiki nzima wanaume watatu wamefukua makaburi ya Salem, na mtu aliyemzaa Said, akamkosha, akakesha naye, hata kumtaja hawawezi. Kicheko kilikuwa bado kinamtoka alipokumbuka chumba kilicho nyuma ya ukuta ule ule. Shahad alikuwa humo tangu siku ya kwanza, anajibu "sawa, Mama" kwa uji, "sawa, Mama" kwa maji ya moto, "sawa, Mama" kwa kila kitu. Hakuna aliyemuuliza. Na Masouda mwenyewe, aliyelidai jina tangu juzi, alikuwa amelidai kwa watu waliokaa barazani.

Akagonga dirisha lililo juu ya kochi.

— Shahad! Mwanangu, mtoto wataka aitweje?

Pazia likasogea.

— Mie, Mama?

— Wewe. Kuna mwengine aliyezaa humo?

— Anaitwa Nawar.

— Tangu lini?

— Tangu siku aliyozaliwa. Nikimnyonyesha ndivyo namwita, na sasa nikimwita anageuka. Nlikuwa nangoja Baba amalizane na Mmarekani.

Macho yote yakamgeukia Marhoon. Desturi ni desturi, na jina bado lilikuwa haki yake. Alikuna kidevu. Akalijaribu chinichini, kama mtu anayeonja mchuzi.

— Nawar. Nawar binti Ayman. — Akasimama, akarekebisha kofia yake, akainua sauti ili hata mbuzi asikie. — Mimi babu yake, nimetoa jina! Mjukuu wangu ni Nawar!

— Umetoa, Baba Ayman, — akasema Masouda, na hakutaka zaidi. Akamimina kahawa, akaanza na kikombe chake.

Khalil akapiga makofi. Gugo akapiga vigelegele vibaya kabisa, Truphena akamwonyesha vinavyopigwa, na dirishani Shahad akasikika akicheka.

— Basi naandika Nawar, — akasema Truphena akiinuka.

— Nawar, — akasema Masouda. — Na chini yake uandike: wa Shahad.

Truphena akaenda zake. Wanaume wakanywa. Khalil alikuwa kwenye kikombe cha pili aliponyanyua kidole.

— Lakini jamani. Mbona jina hili limekubali haraka hivi? Mtoto kalipokea, mama kalipata bila kuambiwa na mtu. Damu hiyo inasema! Mie nnavyoona, kwa ushahidi, mke wa yule Mmarekani aliitwa Nawar.

Marhoon akashusha kikombe.

— Wallahi, yawezekana.

Gugo akachomoa simu.

Masouda hakuwangoja. Ndani mtoto alikuwa ameanza kulia, naye akaenda kumchukua, na toka mlangoni alikuwa na jina la kumwita.