Mama Hamira na Mkate wa Meza ya Bwana

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, fundi bomba, kitindamimba wa nyumba yao, aliyechaguliwa na familia kusoma historia hii si kwa sababu anasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu wengine wote walipojaribu kuisoma jana walilia kwenye mstari wa pili, naye amewaahidi kwamba atafika mwisho, Mungu amsaidie.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Hamira, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa akipaka rangi mabehewa na mama aliyekuwa akishona sare za shule, na inasemekana alizaliwa kabla mkunga hajafika, jambo ambalo mama yao alilitaja kila alipomwona bintiye anachoma ulimi kwa kushindwa kusubiri chai ipoe.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kuimaliza mwaka 1965, akasomea upishi kwa miaka miwili kuanzia 1968, na kabla ya upishi huo, tarehe 2 Aprili 1967, alithibitishwa katika kanisa hili hili, baada ya kumsumbua mwalimu wa katekisimu kwa maswali mpaka mwalimu akampa kazi ya kufuta vumbi kwenye mabenchi ili apumue kidogo. Katika darasa hilo alifundishwa lile ambalo kanisa letu limelishika tangu waasisi wake, kwamba Kristo hakufa kwa kubahatisha, kwamba alikufa kwa ajili ya wale aliopewa na Baba, na kwamba hakuna hata tone moja la damu yake lililomwagika bure, naye marehemu alilipenda fundisho hilo, alilala nalo na kuamka nalo, maana aliona raha isiyo kifani kujua kwamba alipendwa kwa makusudi kabla hajazaliwa, wala haikumpitia akilini kuuliza ni nani aliyeachwa nje.

Tarehe 1 Februari 1970 aliajiriwa katika jiko la hospitali, kwenye kile chumba kirefu chenye masufuria ya kuogea mtu mzima na tanuri mbili ambazo moja ilikuwa haipatani na mtu yeyote isipokuwa yeye, akawaokea wagonjwa mkate kila asubuhi mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2006, na wenzake wa jikoni ndio waliompa jina la Mama Hamira, kwa sababu hakutia hamira kwenye unga kabla ya kuinusa na kutoa hukumu, "hii imeamka" au "hii bado imelala, mwacheni mwenzenu." Kuanzia mwaka 1978 aliombwa kuoka pia mkate wa Meza ya Bwana, ambao kwa desturi ya kanisa letu hautiwi hamira, kwa hiyo dada yetu alikuwa na jina la kitu alichokatazwa kukileta kanisani, utani ambao mumewe hakuchoka kuurudia hata siku wenyewe walipokuwa wamenuniana.

Mume huyo, dereva wa gari la wagonjwa, alifunga naye ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1973, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, muuguzi, aliyezaliwa mwaka 1975, na wa pili mwana, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1979, ambaye alimfuata baba yake kwenye usukani akawa dereva wa lori, na shemeji yetu alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Oktoba 2003, ni mwana huyo aliyemwambia mama yake asiogope, nyumba ina mwanamume, na kwa miaka mitano maneno yake yalikuwa kweli.

Hapa, ndugu zangu, familia ilijadiliana kama tuseme au tuliruke, na binti yake akasema mama hakuwa mtu wa kuruka mstari, kwa hiyo tutasema. Jumamosi jioni, tarehe 9 Agosti 2008, mwana huyo aliendesha lori akiwa amelewa, akamgonga mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yake kando ya barabara karibu na soko, mtu akafa palepale, na mtu huyo hakuwa mgeni kwetu, alikuwa fundi saa, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa hili, ambaye mkewe alikuwa akiketi benchi la tatu upande wa dirisha, na Jumapili iliyofuata benchi hilo lilikuwa na nafasi moja iliyobaki wazi, na marehemu dada yetu, kutoka benchi la nyuma yake, aliitazama nafasi hiyo ibada nzima.

Mwana alikiri kosa siku ya kwanza mahakamani, akahukumiwa miaka kumi na miwili mwezi Aprili 2009, na kanisa nalo likamtenga na Meza ya Bwana, na kuanzia hapo dada yetu akawa na swali moja tu, swali alilolala nalo na kuamka nalo kama zamani alivyolala na kuamka na fundisho lake, nalo ni hili, je, Kristo alipokufa, alikufa kwa ajili ya mwanangu pia, au aliye jela yupo nje tangu mwanzo? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi tuliokuwa karibu tulidhani ni uchungu utakaopungua, kumbe swali lilikuwa linanenepa.

Alimwendea mchungaji wetu wa wakati ule, msomi, mpole, mtu ambaye hakuna atakayemsema vibaya hapa, naye hakumficha, alimwambia kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule, kwamba hilo ni faraja na si kitisho, kwa sababu Mwokozi anayejaribu tu kuokoa si Mwokozi, na kuhusu mwanawe alisema hajui, hakuna anayejua, tunatazama matunda, na dada akamjibu kwamba hata yeye haonji mkate ukiwa bado tanurini. Mchungaji alicheka, kisha akatoa leso akajifuta macho, wakaomba pamoja, na dada akarudi nyumbani na swali lake likiwa zima.

Sasa mnajua desturi yetu, mkate unaobaki mezani hautupwi wala hauendi nyumbani kwa mtu, wazee huumaliza wakiwa wamesimama kwenye chumba cha nyuma, lakini Jumapili moja ya mwaka 2010 dada yetu, mwoka mkate, alibakiza kipande, akakifunga kwenye kitambaa safi, akakipeleka gerezani, ambako askari wa lango, kwa kufuata sheria yake, alikimega vipande vipande akitafuta kitu kilichofichwa ndani, hakukuta kitu, akampa mfungwa makombo. Mwana alikataa kula, akamwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Mama, ameshakufa mtu mmoja kwa sababu yangu, anatosha, usiniletee mwingine," akasukuma kitambaa kikarudi upande wa pili wa meza, na dada akayala makombo yale mwenyewe ndani ya basi, huku analia mbele za watu bila aibu yoyote.

Mtu mwingine angelinyamazia jambo hili mpaka kaburini, lakini huyu alikuwa dada yetu, kwa hiyo Alhamisi iliyofuata alisimama katika mkutano wa akina mama, wakati wa ushuhuda, akalisimulia lote, eti Bwana amempa ujasiri wa kuufikisha mwili wake gerezani, na alipomaliza, badala ya kusikia aleluya alisikia kiti kikisogezwa, mjane wa fundi saa akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Jamani, dada huyu! Wazee walikutana, wakamwondoa kwenye kazi ya kuoka, na mdogo wake, fundi bomba huyu, alitaka kwenda kuwatolea maneno, lakini dada mwenyewe alimkalisha chini, akasema, "Waache, wewe hukumwona yule mama alivyoshika mkoba wake," na kuanzia hapo kanisa likanunua vile vipande vya dukani, ambavyo wote tunakumbuka jinsi vilivyokuwa vikinata kwenye kaakaa mpaka baraka ya mwisho.

Mchungaji wa pili alipokuja alikuwa na moyo mpana zaidi ya fundisho letu, akamwambia faraghani kwamba yeye anaamini Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, mlango uko wazi, kila mtu aingie kwa miguu yake, na dada alifurahi kwa muda wa wiki hivi, halafu akaanza kuhangaika upya, kwa sababu alimjua mwanawe, alijua kwamba hata mlango ungeondolewa na bawaba zake kijana yule asingeingia, alikuwa amejihukumu mwenyewe kuliko hakimu alivyomhukumu, na kama yote yanategemea miguu yake basi amekwisha, kwa hiyo akamwambia mdogo wake kwamba wa kwanza alimfungia mwanawe nje na wa pili amempa ufunguo mtu asiye na mikono, na yeye kati yao hajui ashike lipi.

Mchungaji wa tatu ndiye huyu tuliye naye leo, na tunamshukuru kwa mambo mawili, kwanza alimrudishia dada kazi ya kuoka mwezi Machi 2016, baada ya kwenda mwenyewe kumwomba ruhusa mjane wa fundi saa, aliyemjibu kwamba mkate ni mkate, na pili alipoulizwa lile swali alisema, "Mama, sijui, ila nitakuwa naliuliza pamoja nawe," na kweli akawa anakuja kila Jumatano, wanakunywa chai, wanaliuliza.

Mwaka 2017 madaktari waligundua kwamba kisukari kilichomsumbua muda mrefu kilikuwa kimeharibu figo, miguu ikavimba, akawa mtu wa kiti cha magurudumu na wa kusafishwa damu hospitalini, akiwatania wauguzi kwamba amerudi kazini, na tarehe 12 Novemba 2018 mwanawe aliachiliwa baada ya kupunguziwa kifungo, akaja kukaa naye, akawa anampikia, anamfulia, anamsukuma mpaka lango la kanisa, halafu anabaki nje, na mama yake wala hakumlazimisha kuingia.

Jumapili tarehe 5 Mei mwaka huu, 2019, ilinyesha mvua kubwa, hakukuwa na pa kusimama nje, mwana akaingia akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, kiti cha mama yake pembeni yake kwenye njia na mjomba wake, fundi bomba huyu, amesimama nyuma ya kiti hicho, kanisa limejaa kwa sababu ilikuwa siku ya Meza, na mjane wa fundi saa, ambaye huwa hachelewi, alichelewa siku hiyo kwa ajili ya mvua, na mhudumu wa mlangoni, mgeni asiyejua habari zetu, akamwelekeza kwenye nafasi pekee iliyobaki, ubavuni mwa yule kijana. Mjane alisimama kidogo, akautikisa mwavuli wake, akaketi.

Mnajua pia jinsi tunavyofanya, sahani hupita mkono kwa mkono, na kila mmoja humshikia jirani yake mpaka achukue, na aliyetengwa huipitisha tu, kwa hiyo sahani ilipofika mwisho wa benchi mjane alichukua kipande chake, kisha akaishika sahani mbele ya mtu aliyemuua mumewe, mtu huyo akatikisa kichwa, mikono kaikalia, mjane hakuiondoa, kijana akatikisa kichwa tena, mjane bado ameishika, mpaka akasema kwa sauti iliyosikika mabenchi manne, "Chukua basi, mkono unaniuma." Akachukua, akala, na mzee wa kanisa aliyesimamia safu yetu akamtazama mchungaji amwambie la kufanya, na mchungaji, Mungu ambariki, akaanza kutafuta kwenye Biblia ukurasa ambao tayari alikuwa ameufungua.

Dada alilia tu, akamwashiria mdogo wake amfute kamasi. Baada ya ibada mama mmoja alimkimbilia mjane kumpongeza kwa kusamehe, mjane akamjibu, "Usinilishe maneno, sijasema nimesamehe, sahani ilikuwa nzito," akafungua mwavuli wake akaenda zake. Jioni ile dada aliomba chai, akaungua ulimi, kisha akasema kwamba bado hajui Kristo alikufa kwa ajili ya wangapi, lakini sasa yuko radhi kwenda kumuuliza mwenyewe, na haendi tena kwa ugomvi.

Alizidiwa tarehe 26 Mei, akalazwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, akafariki dunia Jumanne tarehe 28 Mei 2019 saa nne asubuhi, binti yake ameshika mkono mmoja na mwanawe mwingine, akiwa na umri wa miaka 68, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia alipokosoa chakula chao, inawashukuru majirani waliomchukulia maji na kumsukuma kwenye tope, inawashukuru wenzake wa jikoni waliokuja kumwimbia wodini, inawashukuru wachungaji wote watatu, na huyo wa kwanza, ambaye leo ni mzee sana, amesafiri siku nzima kuja na ameketi hapa mbele, na inamshukuru mjane wa fundi saa, ambaye tulipomwendea kumuuliza tuseme nini juu yake alitujibu, "Semeni nimekuja," nasi tunasema amekuja, na ameketi na familia.

Dada, sasa uko mbele ya mwenyewe, muulize taratibu, msikilize mpaka mwisho wala usimkatize kama ulivyotukatiza sisi, naye akishakujibu usihangaike kurudi kutuambia, miguu yako unaijua, sisi tutakuja huko huko. Umetupenda, tumeshukuru, pumzika kwa amani.