Usiku wa Tatu wa Bakuli la Mama Tafida

Usiku ule wa Jumatano mlio ulitoka juu ya paa, vile vijipande vya shaba vinavyoning'inia kwenye bakuli la hofu, lile analonyweshewa maji mtoto aliyeshtuka, vikigongana, na mama zangu, dada zangu, tangu hapo haujanitoka masikioni, lakini nimeombwa nisome maisha yake kwa mpangilio, basi nianze yalikoanzia.

Marehemu Tafida Abdelgawad Shalabi, mama wa mume wangu Sabri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Kafr el-Hagar, akasoma hadi darasa la nne, akatolewa shuleni kwenda kuchuma pamba, na mwaka 1972 akaolewa na marehemu Mzee Lutfi, seremala, wakahamia nyumba hii hapa Mansura, wakajaliwa watoto watatu, Sabri akiwa kitinda mimba. Tangu 1980 hadi 2006 alikuwa mpishi wa wodi ya watoto, na huko, alisema, ndiko alikojifunza kwamba hofu ya mtoto hukaa tumboni.

Mnakumbuka mlivyokaa ngazini na watoto wenu, naye kabla hajagusa bakuli anauliza, "Asubuhi amekula nini?", na mama akijibu chai na biskuti anaambiwa, "Basi jini lenu linauzwa dukani, mwanangu, kampikie maharage ya ful na yai, umrudishe wiki ijayo," na anayetetemeka sana alimpeleka kwanza kwa daktari, yeye mwenyewe, kwa miguu.

Tarehe 7 Oktoba mwaka huu mtungi wa gesi ulilipuka kwa jirani, na mwanangu Yunis, miaka sita, akaacha kulala, akaacha kula, akawa anajikojolea darasani. Daktari alimwona, akasema atapona taratibu, naye Mama akamkatia soda na chai, akampa dengu na maziwa ya vuguvugu, akamshika mkono kila siku hadi mlango wa shule, na mwisho akamwahidi siku tatu za bakuli, maji na tende saba vilale ndani yake juu ya paa, chini ya nyota, anywe alfajiri, ila anayelibeba haitwi jina wala hajibu, akijibu kazi imekatika.

Usiku wa tatu, tarehe 24 Novemba, nilisikia mlio nikaogopa kama mtoto, nikatoka hadi ngazini nikaita, "Mama Tafida?", naye akajibu, "Naam."

Alishuka polepole, akacheka kidogo, "Zaidi ya miaka arobaini sijawahi kujibu, wewe mke wa Sabri una sauti ya polisi," halafu akanishika kwa mkono wa baridi, akasema, "Mpe maji hivyo hivyo, asijue kamwe, wiki ijayo tutaanza upya."

Wiki haikufika. Ijumaa kifua kilimbana, akalazwa, na Jumapili tarehe 28, saa kumi alfajiri, akafariki. Daktari amesema ni moyo, Sabri anasema ni moyo, mimi nasikia ile "Naam" tu.

Na Yunis analala. Juzi alikula sahani mbili za dengu, ya pili akasema ni ya bibi. Bakuli nimelifungia kabatini, ufunguo uko shingoni mwangu, na jana usiku nimelisikia juu ya paa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika siku tatu hizi, na wapishi wenzake wa wodi mliomwosha.

Yunis leo yuko kwa mjomba wake, ndiyo maana nimeweza kusoma haya, na nawaomba yasimfikie. Lala salama, Mama. Nimewaambia hawa kwa sababu nimeshindwa kubeba peke yangu, mwingine simwambii.