Umesikiliza Kwanza? Miaka Thelathini na Minne ya Mama Sikio

Ifikapo tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka yetu ya maji atafunga droo ya meza yake, atamkabidhi katibu muhtasi ufunguo, na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hesabu hiyo si yangu, ni ya afisa utumishi, mtu ambaye hajawahi kukosea hata siku moja linapokuja suala la likizo ya mwenzake. Kwenye barua rasmi mama huyu ana jina refu lenye vyeo viwili mbele. Huku karakana tunamwita Mama Sikio, naye huitika.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya kazi chini yake miaka ishirini na mitatu, kutoka fundi bomba wa mkataba hadi msimamizi wa mtandao. Mhariri wa jarida alishangaa nilivyokubali upesi, maana kunipata niandike hata ripoti ya wiki ni kazi ya kubembelezana. Ukweli ni kwamba kuna jambo linalomhusu mama huyu nimelibeba moyoni miaka ishirini na moja. Akiondoka kabla sijalitua, nitabaki nalo mpaka siku yangu mwenyewe ya kustaafu. Kwa hiyo nivumilieni. Sifa zinakuja, na jambo langu linakuja.

Alianza kazi akiwa mhandisi daraja la pili, mwanamke pekee katika idara ya ufundi. Asubuhi ya kwanza mlinzi wa getini alimwelekeza kwenye dirisha la kulipia bili, akidhani ni mteja. Mwingine angenuna. Yeye alipanga foleni dakika arobaini, akafika dirishani, akauliza kwa adabu waajiriwa wapya wanaripoti wapi. Mchana wa siku hiyohiyo aliandika ukurasa mmoja kuhusu jinsi wateja wanavyohudumiwa, akaupeleka kwa mkubwa wake bila kuagizwa. Hiyo ndiyo ripoti yake ya kwanza kwenye jalada lake, na mlinzi yule walikuja kuwa marafiki wakubwa.

Wakati huo kiongozi wa mafundi alikuwa mzee mmoja mkali tuliyemwita Babu Spana. Alimwambia kwamba shahada yake ni nzuri sana, akaitundike ukutani, halafu aje asikilize. Alimpa fimbo ya chuma yenye urefu wa mtu mzima: ncha moja unaiweka juu ya bomba, nyingine unaibandika kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Bomba linalovuja hukaanga kama mafuta kwenye kikaango. Bomba lililofungwa vizuri hunyamaza kabisa. Miezi mitatu alisikiliza tu, hakugusa spana wala nati, na alipomaliza alikuwa anajua mtandao wa mji huu kwa sauti.

Hapo ndipo jina la Sikio lilipoanzia, na likamfuata mpaka nyumbani. Alipopelekwa kutambulishwa kwa wazazi wa mumewe, mwalimu wa hesabu, alikaa sebuleni dakika kumi tu, kisha akauliza kwa upole kama kuna bomba chini ya sakafu ya jikoni. Baba mkwe akasema halipo. Likafukuliwa, likakutwa, limeoza. Tunaambiwa mkwe yule hadi leo akisikia binti anakuja, kwanza anazunguka nyumba nzima akikaza mifereji.

Kutokana na fimbo ile alituwekea kanuni moja, na wote tunaijua hata tukiamshwa usingizini. Ukishafunga vali, usilegeze nati yoyote kabla hujasikiliza. Kama bomba limenyamaza, endelea. Kama linaimba, hujafunga, rudi. Akifika kwenye shimo haulizi hali, hakusalimii sana, swali lake ni moja: umesikiliza?

Jambo la pili alilotuachia ni Daftari la Makosa. Limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya chumba cha ramani, katikati ya makabati ya chuma, chini ya ile taa ndefu inayonguruma. Alilianzisha mwaka wake wa tano, baada ya kuagiza pampu mpya kubwa na nzuri ajabu, ambayo ilifika na kukutwa ni pana kuliko mlango wa kituo cha pampu. Ilikaa nje wiki mbili imefunikwa turubai, wapita njia wakiuliza kama ni gari. Ukuta ukabomolewa. Badala ya kutafuta wa kumtupia lawama, alinunua daftari, akaandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake kwamba alipima kila kitu isipokuwa mlango, akatia saini. Kisha akatutangazia kwamba kila mtu ataandika kosa lake mwenyewe, na katika kikosi chake hakuna atakayeadhibiwa kwa alichokiandika.

Mniruhusu niseme pia kwamba ni bahili wa karatasi kupita kiasi. Anaandika mbele na nyuma, anaandika pembeni, na akikosa nafasi anaandika juu ya bahasha iliyokwisha kutumika. Katika daftari lile kosa la mtu mmoja linaanzia pale la mwenzake lilipoishia, hata mstari mmoja haurukwi. Naomba mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa vali namba arobaini na moja.

Mtandao wetu wa zamani ulijengwa kwa awamu, na kila mkandarasi alikuja na vali zake. Nyingi hufungwa kwa kuzungusha kulia. Chache, sijui waliotengeneza walikuwa na hasira na nani, hufungwa kushoto. Ndiyo maana kila vali ina kadi yake chumba cha ramani, na kabla ya kwenda kazini lazima uitazame. Mwaka wa kumi na tatu wa Mama Sikio tulitakiwa kubadilisha kipande cha bomba kuu karibu na soko. Yeye alikuwa mhandisi wa mtandao, na wiki ileile jina lake lilikuwa mezani kwa ajili ya umeneja wa matengenezo. Alinituma nikaangalie kadi ya vali hiyo, kisha nikasimamie ufungaji, naye angetukuta akitoka kwenye kikao.

Sikwenda kuangalia kadi. Timu yangu ilikuwa na fainali saa kumi jioni, na jezi nilikwisha kuivaa asubuhi chini ya ovaroli. Niliwaambia vijana wa zamu kwamba inafungwa kulia, kwa sauti ya mtu aliyeisoma kadi mara mbili. Vali ile tulikuwa tunaiacha nusu wazi ili presha isipasue mabomba ya bondeni, kwa hiyo walipoizungusha kulia ilizunguka vizuri tu, ikafika mwisho, ikakaza. Tukaamini imefungwa. Kumbe tumeifungua yote. Na fimbo ya kusikilizia ilikuwa imeegemea gari, hatua sita kutoka niliposimama, nikaitazama, nikatazama saa, nikasema legezeni nati.

Maji yalipanda juu kuliko paa la soko. Askari wa barabarani aliiona kofia yake ikiondoka bila yeye. Fundi cherehani wa pale kona alitoka akielea na vitambaa vyake, akitutaja kwa majina ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, lakini nusu ya mji ilikaa siku nzima na nusu bila tone, ikiwemo nyumba ya mkurugenzi wa wakati ule.

Mkurugenzi huyo hakuwa mtu wa madaftari. Alituita wote chumba cha mikutano, akataka kujua ni nani aliyetoa maelekezo. Mimi nilikuwa wa mkataba, zimebaki wiki tatu niamuliwe kama naajiriwa au naondoka, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilitazama viatu vyangu. Vijana wa zamu nao wakatazama vyao, Mungu awabariki. Mama Sikio akasimama, akasema kazi ilikuwa chini yake, na saini kwenye hati ya kazi ni yake, basi iandikwe hivyo. Ikaandikwa. Umeneja akapewa mtu mwingine kutoka nje, na yeye akasubiri miaka minne. Wiki tatu baadaye nilipokea barua ya ajira ya kudumu, na aliyeipendekeza alikuwa yeye. Nami nikanyamaza. Ningesema nilisahau, lakini sikusahau hata siku moja.

Turudi kwenye furaha, maana hii ni sherehe.

Umeneja ulipokuja hatimaye, ulimtesa kidogo. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwa mikono yake hakujua aiweke wapi. Alikuwa anakuja kwenye shimo na viatu vya ofisini, anasimama dakika mbili akijizuia, ya tatu keshamnyang'anya fundi spana. Tulianza kumficha spana kama watu wanavyomficha mtoto peremende. Siku moja tulifungua Daftari tukakuta ameandika mwenyewe: nimemnyang'anya fundi kazi yake, hii ni mara ya tatu. Tangu siku hiyo akija alisimama mikono imefumbatwa nyuma, anauliza swali lake, anajibiwa, anaondoka. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuwa mhandisi peke yake akawa kiongozi, na ilimuuma, tuliona.

Miaka mitano baadaye akawa mkurugenzi wa ufundi, na baada ya mitano mingine mkurugenzi mkuu. Siku aliyoingia ofisi kubwa aliondoa pazia, ili aone kipimo cha tangi kutoka kwenye kiti chake. Alipoanza kazi, karibu nusu ya maji tuliyosukuma yalipotelea ardhini. Leo hata sehemu moja ya tano haifiki. Mtaa wa kilimani, uliokuwa ukipata maji mara moja kwa wiki, sasa unalalamika presha ni kubwa mno, na yeye husema hayo ndiyo malalamiko matamu kuliko yote aliyowahi kupokea. Vituo vyote vya pampu vina vyoo vya wanawake, kwa sababu kuna wanawake kumi na saba wa kuvitumia. Na kanuni ya Daftari, iliyokuwa ya kikosi kimoja, sasa ni ya mamlaka nzima. Hata mfanyakazi anapoletwa mbele yake kwa mashtaka, yeye humgeukia anayeshtaki na kumuuliza lile swali lake la shimoni.

Jumanne iliyopita, baada ya kukubali kuandika wasifu huu, niliingia chumba cha ramani nikafunga mlango. Nilikusudia kuandika kosa langu mwisho wa Daftari, lakini kwanza nikataka kuona yeye aliandika nini siku ile. Nikafunua nyuma miaka ishirini na moja. Ameandika mistari mitatu tu: vali namba arobaini na moja ilizungushwa kulia, hufungwa kushoto, sikuhakikisha mwenyewe. Saini. Chini yake, jamani, nusu ukurasa mtupu. Mama anayeandika juu ya bahasha kuukuu ameacha nusu ukurasa. Na juu ya nafasi hiyo, kwa penseli iliyofifia: hakuangalia kadi, kisha nukta nukta za kujazia jina, na nafasi ya saini.

Nilivuta kiti, nikatafuta kalamu. Kisha nikajaza. Niliandika kwamba sikuangalia kadi, sikusikiliza, nilikuwa na haraka, na nilinyamaza mwenzangu alipobeba. Nikatia saini. Nikaifungua ile kamba ya mguu wa meza, jambo ambalo ni kosa pia na nimeliandika, nikampelekea Daftari ofisini kwake.

Alivaa miwani akasoma polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hasira, maneno makali, hata machozi. Akavua miwani, akanitazama, akauliza kama ile timu yangu siku ile ilishinda.

Ndugu zangu, sikuandika popote habari za mpira. Sikuwahi kumwambia mtu hapa kazini. Kumbe alipofika pale sokoni, mimi nimelowa chapachapa, jezi ilionekana waziwazi chini ya ovaroli. Alijua tangu saa ile ya kwanza. Alijua aliposimama kwenye mkutano, alijua alipoipendekeza barua yangu, na kwa miaka yote ishirini na moja hakunisukuma hata kwa jicho. Nilimjibu kwamba tulifungwa tatu bila. Alicheka mpaka katibu muhtasi akafungua mlango kuangalia kuna nini, akatukuta watu wazima wawili tunafuta machozi juu ya daftari.

Mama Sikio, kwa niaba ya mafundi, wasoma mita, wahasibu, walinzi na hata mimi, ahsante. Mwalimu, tunakurudishia mkeo akiwa mzima, mfiche spana. Tunakuombea, mama, miaka mingi yenye afya, bustani isiyokauka na wajukuu watakaokuchosha kwa maswali. Daftari limerudi chumba cha ramani, kamba imefungwa upya, na ukurasa ule umejaa.