Mmea Mwekundu Niliouogopa Kuukata

Ndugu zangu, hamjambo. Na wewe mama yangu pale mbele, shikamoo. Nimekaa katika kikundi hiki cha waliofiwa muda mrefu, nikiwasikiliza na kunywa chai yenu. Leo zamu imenifikia.

Mimi ni dereva wa lori, nakaa Changamwe, mtu wa bara niliyelizoea joto la huku. Mke wangu alipenda samaki. Si wa kukaanga, wa kutazama. Alikuwa na tangi la kioo sebuleni, na ndani yake mmea wenye mashina membamba na majani mekundu kweli kweli. Nilimtania kwamba amepanda mchicha majini, akacheka akasema mimi nijue lori langu. Kisima chetu kina chumvi, kwa hivyo alikinga maji ya mvua kwa ajili ya tangi. Taa ya tangi aliiwasha asubuhi kabla hata ya kuinjika chai.

Akaugua, akafariki. Ya ugonjwa wenyewe mtanisamehe, sitayaeleza.

Dada zangu walikuja kwa matanga. Kwetu nyumba ikifiwa, vioo hufunikwa. Wakafunika cha kabati, wakafunika cha chumbani, na kwa kuwa tangi nalo ni kioo, wakalitupia leso ya kujitanda na kuzima taa yake. Hakuna aliyekosea, ndivyo tulivyolelewa. Matanga yalipokwisha wakafunua vyote, lakini tangi niliwaambia waliache.

Nawaambieni ukweli, sikuweza kulitazama. Nilikuwa nainua pembe ya leso, natupa chakula cha samaki, nageuza uso. Kazini siendi, simu sipokei. Nilisikia tu pampu ya hewa ikinguruma, nikajiambia kwamba mle ndani kila kitu kiko vile alivyokiacha.

Jirani yangu ni mama mmoja aliyezaliwa Kisauni, Mswahili hasa, mtu mzima kunishinda. Siku moja akapiga hodi na sahani ya mahamri. Akaketi, akalitazama tangi.

"Mwanangu," akasema, "hata samaki nao umewaweka eda?"

Nilicheka, ndugu zangu. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu mazishi, na katikati yake kikageuka kilio. Mama yule hakuninyamazisha. Aliponiona nimetulia, akaondoa leso.

Majani yalikuwa yamepukutika, mashina yameoza, meusi. Limebaki moja, refu, limejipinda juu ya maji likitafuta mwanga, na ncha yake imepauka, hakuna wekundu hata kidogo.

"Hii ncha ikatwe, ipandwe upya," mama akasema. "Nipe mkasi."

"Tafadhali mama, usiguse. Aliupanda kwa mkono wake. Ukikatwa nitabaki na nini?"

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mkeo alikuwa akiukata kila ukifika juu. Ukiachwa hivi hivi, chini hukosa mwanga, ukaoza. Mimi ninao kwangu kwenye chupa kubwa. Alinikatia yeye, akanionyesha na jinsi ya kuupanda. Wewe ulikuwa safarini, hukuona."

Kweli sikuona. Nikaenda kuleta mkasi.

Nilikata mwenyewe, machozi yananitoka. Mama akinielekeza: kata chini ya kifundo, ondoa majani ya chini, chomeka mchangani, kisha washa taa. Kuanzia hapo ikabidi niamke mapema kuiwasha. Na mtu akishaamka, atainjika chai. Akishakunywa chai, ataoga. Akishaoga na kuvaa, ndugu zangu, ataona aibu kukaa ndani. Ndivyo nilivyorudi kwenye lori.

Mmea ulitoa vizizi vyeupe, kisha majani ya kijani, nikangoja sana. Asubuhi moja nikaona ncha imeingia wekundu. Nilimwita mama yule kwa sauti, akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Tukasimama pale mbele ya kioo, tukiutazama. Nilimpenda mke wangu upya siku ile.

Namshukuru mama huyo. Nawashukuru dada zangu, na ninyi ambao hamkunihimiza kupona. Nilidhani kumtunza aliyeondoka ni kutogusa chochote alichokigusa. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa akikata, akigawa, akipanda tena.

Kuna ndugu ameingia leo mara ya kwanza, amekaa karibu na mlango. Usiseme kitu kama hutaki, hapa hatulazimishani. Ila katika chupa hii ya maji nimekuletea ncha moja. Nimeikata leo asubuhi. Ipande. Ikikufia, usione haya, njoo kwangu uchukue nyingine. Sasa ziko nyingi.