Dada Yetu, Msomaji wa Figo

Ndugu, jamaa na majirani, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Daktari, na sisi wa nyumbani tulimwita Kwanini, jina ambalo hata aliyekaa naye nusu saa hakuhitaji kuelezwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi wa zahanati, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la baba. Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea na sekondari ya wasichana, akasomea udaktari, na mwaka 1982 akaajiriwa katika maabara ya hospitali kuu, kwenye chumba cha ghorofa ya chini kinachotazama kamba za kuanikia mashuka, ambako vipande vya figo za wagonjwa wa nchi nzima, vyembamba kama uzi, vililetwa avisome kwa hadubini.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti, ambaye ni fundi umeme, na kijana, ambaye ni mpishi.

Mwaka 2004 alikusanya kumbukumbu zote za maabara, akaona kwamba zamani walioletwa zaidi walikuwa watoto waliovimba baada ya kuugua koo au vidonda vya ngozi, na sasa hao ni wachache, huku wakiongezeka vijana wenye damu kidogo kwenye mkojo, na wazee ambao kuta za vichujio vya figo zao zimenenepa. Alitangaza kwenye mkutano wa madaktari kwamba magonjwa ya figo yamebadilika, akapigiwa makofi, akarudi nyumbani amechangamka, na shemeji, aliyekuwa akimenya viazi, akamuuliza, "Yamebadilika magonjwa, au mmebadilisha watu mnaowapima?"

Dada aliweka mkoba chini, akasema, "Baba watoto, umeniharibia wiki."

Haikuwa wiki, ilikuwa miaka miwili. Aligundua kwamba zamani aliyechomwa sindano ya kutoa kipande cha figo ni yule aliyevimba tu, lakini mkojo ulipoanza kupimwa makazini, hata vijana wasiojisikia vibaya walichomwa, hivyo akavitoa makabatini vioo vya zamani vyenye vipande vya figo, akavisoma upya, akilinganisha waliovimba wa zamani na waliovimba wa sasa. Ongezeko la vijana lilitokana zaidi na kutafutwa kwao, ila watoto walikuwa wamepungua kweli, na wazee wameongezeka kweli. Alirudi kwenye mkutano uleule, akawaambia kuwa sehemu ya aliyoyasema haikuwa sahihi, na ingawa makofi yalikuwa ya kuhesabika, siku hiyo alirudi nyumbani na furaha kubwa kuliko mara ya kwanza.

Kwa nini wazee, hakujua, na aliendelea kuuliza hata baada ya kustaafu mwaka 2013.

Mwaka 2019 miguu yake ilianza kuvimba. Kipande cha figo yake kilipofika maabara, mwanafunzi wake aliyerithi chumba kile alimwomba, "Mama, niache nikusomee mimi," naye akamjibu, "Nisogezee kiti."

Alitazama kwa muda mrefu, kuta zilikuwa nene, akasema kwa utulivu, "Basi mimi ni mmoja wao." Mwanafunzi alilia, na dada akamngoja amalize, kisha akamtajia ya kuandika, umri, dawa zote alizowahi kumeza, miaka aliyopikia mkaa, akieleza kwamba atakayekuja kuitafuta sababu atayahitaji.

Alikuwa akisafishwa damu kwa mashine tangu mwaka 2022, na tarehe 3 Februari 2025, mchana, mume wake akiwa amemshika mkono, alifariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotupikia na kutufungulia milango yenu, na wenzake wa maabara, ambao wametuma salamu kwamba wawili kati yao wameshindwa kufika kwa kuwa asubuhi hii zimeletwa figo za kusomwa, nasi tumewajibu kwamba wangekuja, yeye mwenyewe angewarudisha kazini.

Dada, umefanya kazi yako, sasa pumzika kwa amani.