Mpira wa Jilala: Maisha ya Marehemu Cornel Nkwabi (1953–2025)

Wapendwa waombolezaji, kabla udongo haujamfunika ndugu yetu, tunaomba mtusikilize kidogo habari za njia aliyoipita.

Cornel Nkwabi alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Mhunze, mtoto wa tatu wa mzee Nkwabi na mama Juliana, waliokuwa wakulima wa pamba na wafugaji. Tangu utotoni alikuwa mpole mno. Ng'ombe wa kwao walimzoea hata wakawa hawaongozwi kwa fimbo, bali kwa nyimbo zake tu.

Mwaka 1961 alianza masomo katika shule ya misheni, akabatizwa, akahitimu elimu ya msingi mwaka 1967. Mapadre walimpenda kwa mwandiko wake na kwa sauti yake nzito ya kwaya, ambayo hakuiacha hadi uzee.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu vya plastiki mjini Mwanza. Huko ndiko alikojifunza tabia ya plastiki laini, akaisimulia maisha yake yote kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alisema kwamba kwa asili plastiki ile ni ngumu, kama bomba la maji linalozikwa ardhini. Hulainika kwa sababu huchanganywa na kilainishi kinachofanana na mafuta, lakini kilainishi hicho ni mgeni tu humo ndani. Jua, joto, dizeli na miaka hukitoa kidogo kidogo, mpaka kitu kilichokuwa kikikunjika kama kitambaa hukakamaa, hugeuka njano, na mwisho hupasuka penye mkunjo. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1993 alihamia Ngokolo, Shinyanga mjini, akawa fundi wa maturubai na wa viti vya pikipiki.

Tarehe 18 Septemba 1982 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Zipora. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, Jilala, aliyezaliwa mwaka 1986. Mwaka 2008 kijana huyo aliaga kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Baba yake, akiwa anacheka, alimwambia mlangoni, "Haya, nenda. Ila usirudi mikono mitupu." Lilikuwa neno la utani, la mzazi aliyekuwa akificha machozi. Jilala hakurudi. Mama Jilala alifariki mwaka 2011 akimtaja.

Baada ya msiba ule, Cornel alikwenda Katoro, huko huko Geita, kumtafuta mwanawe. Alikuwa na picha yake moja, akaitia katika kimfuko laini cha plastiki ili isichafuliwe na tope la machimboni, akaibeba kwenye mfuko wa shati, juani, kutoka duara moja hadi jingine, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Siku moja alitaka kumwonyesha mchimbaji, picha ikagoma kutoka. Alipoivuta, uso wa Jilala ulibanduka, ukabaki umeganda kwenye plastiki. Alijua vema kwamba kilainishi hutoka na kunatisha chochote kinachokigusa. Hakukumbuka kwamba picha nayo ni kitu. Tangu siku hiyo hakuwa na sura ya kuwaonyesha watu.

Ndipo akafungua duka la mipira ya maji pale Katoro. Ndugu walimshangaa, mzee wa makamo yake kwenda kukaa peke yake ugenini. Alitujibu kwamba kila duara hujaa maji, na kila mwenye duara lazima siku moja aje kununua mpira wa kuyavuta. Aliona kwamba, kwa kuwa hakuweza tena kumtafuta, angemngoja hapo.

Wateja aliwafundisha kuweka mipira kivulini, kuikunja kwa mzingo mpana, na kutoiacha karibu na pampu inayovuja dizeli. Mchimbaji mmoja, Chacha, alimtania, "Mzee, wewe mfanyabiashara gani? Ukitufundisha kuitunza hivi, hatutarudi kununua."

Naye akamjibu, "Basi rudini kunisalimia."

Nyuma ya duka, mahali pasipofika jua, palikuwa na mpira mmoja usiouzwa. Huo ulikuwa wa Jilala. Kwa kuwa hata kivulini plastiki huzeeka, kila mwaka baada ya Pasaka aliuuza kwa bei ndogo, akaweka mpya mahali pake, ili mwanawe akija aukute laini.

Mwaka jana alianza kuugua figo, akarejea Ngokolo, na duka likabaki mikononi mwa Mwanaima, msaidizi wake. Alipolazwa, aliubinya kwa vidole mrija wa dripu, akautazama kwa makini. Muuguzi Noela akamuuliza, "Baba Jilala, mpira wangu nao una kasoro?" Akasema hapana, ni mpya, ila usianikwe juani. Wodi nzima ikacheka. Saa za kuona wagonjwa aliugeuzia uso mlango, na sisi tulioingia tulijua kwamba hatukuwa sisi aliokuwa akiwatazamia. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri. Neno lake la mwisho kwetu lilikuwa hili: "Akija, msimuulize ameleta nini."

Marehemu ameacha kaka yake Edson, dada yake Eunice, Mwanaima aliyemwita baba, na mtoto mmoja, Jilala, popote alipo. Kile kimfuko cha plastiki chenye uso wa mwanawe tumekiweka katika mfuko wa shati lake, kwenye jeneza. Mwanaima ameahidi kuubadilisha mpira ule kila Pasaka.

Mungu ampokee Cornel mahali penye kivuli, na huko apumzike kwa amani. Nawe Jilala, habari hizi zikikufikia, njoo nyumbani. Hakuna atakayekuuliza.